Masharti ya Kulima Mjini na Kujenga Mashambani

Mvua za masika zinapokaribia, majembe hayashikwi mashambani peke yake. Katika mitaa ya mji wa Zanzibar, kuanzia nyuma ya nyumba za Ng'ambo hadi kwenye viwanja visivyojengwa vya Tomondo na Fuoni, wananchi huatika mchicha, hupanda muhogo, bamia na migomba, na wengine hufuga kuku, mbuzi na ng'ombe. Wakati huo huo mashamba yaliyokuwa yakiulisha mji kwa nazi, ndizi na muhogo yanakatwa viwanja na kujengwa nyumba. Shamba linaingia mjini, na mji unaingia shambani.

Mambo mawili haya yanaonekana kuwa mbali mbali, lakini yanazaa suala moja: ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha matumizi ya kipande cha ardhi? Wengi hudhani kuwa ruhusa hiyo iko kwa mwenye kulima, au kwa mwenye kununua, au kwa sheha aliyeshuhudia mauziano. Dhana hizo zote si sahihi. Haki ya kutumia ardhi hutolewa pamoja na matumizi yake, na matumizi hayo hayabadilishwi ila kwa kibali cha mamlaka inayohusika. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwafahamisha wananchi, na kuwakumbusha watumishi wa Serikali, sababu za masharti hayo na njia ya kuyafuata.

ARDHI NI YA UMMA

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ya Unguja na Pemba ilitangazwa kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Serikali. Kuanzia mwaka 1965 wakulima waligaiwa eka tatu tatu, na zaidi ya familia 20,000 zilipata ardhi kwa njia hiyo. Mgao huo ulikuwa na masharti. Aliyepewa alitakiwa ailime ardhi hiyo kwa manufaa yake na ya familia yake, na hakuruhusiwa kuiuza wala kuigawa vipande vipande.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria za ardhi zilipangwa upya. Zilitungwa sheria za utambuzi, upimaji na usajili wa ardhi, na kisha Sheria ya Matumizi ya Ardhi, Namba 12 ya mwaka 1992. Sheria hiyo ilithibitisha kwamba ardhi ni ya umma, na kwamba Mzanzibari anachoweza kumiliki ni haki ya kuitumia. Haki hiyo ni nzito: hurithiwa, na mwenye nayo hulindwa asiingiliwe na mtu mwengine. Lakini haki hiyo inakwenda pamoja na wajibu wa kuitumia ardhi kwa namna iliyo bora na kwa kazi iliyokusudiwa. Mwenye kuitelekeza ardhi, au kuitumia kinyume na masharti aliyopewa, anaiweka haki yake hatarini.

Inafaa ieleweke pia kwamba ardhi si jambo la Muungano. Baadhi ya wananchi huzisikia kanuni za kilimo cha mijini za Tanzania Bara, zilizotungwa mwaka 1992 na kuweka ukomo wa eka tatu kwa mkulima wa mjini, na zile mpya zilizofuata mwaka 2018, wakadhani zinatumika pia hapa. Hazitumiki. Zanzibar ina sheria zake na mamlaka zake, na eka tatu zinazotajwa katika kanuni za Bara hazina uhusiano na eka tatu za mgao wa Mapinduzi.

KWA NINI MAENEO HUTENGWA

Sababu ya kwanza ni udongo. Kisiwa cha Unguja hakikujaaliwa rutuba sawa pande zote. Upande wa mashariki na kusini sehemu kubwa ni uwanda wa mawe, ambapo mkulima hutafuta udongo katikati ya majabali. Udongo wa kina, unaobeba mikarafuu, minazi, migomba na mazao ya mizizi, uko zaidi upande wa magharibi na katikati ya kisiwa. Mji nao uko upande huo huo wa magharibi. Kwa hiyo kila mji unapotanuka, ardhi inayoliwa kwanza ni ile yenye rutuba kubwa kuliko nyengine.

Sababu ya pili ni wingi wa watu. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Zanzibar watu 1,303,569, na Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika muda huo huo wa miaka kumi, wakaazi wa Mkoa wa Mjini Magharibi waliongezeka kutoka 593,678 hadi 893,169. Watu hawa wote wanahitaji nyumba, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kuzitafuta. Lakini watu hao hao wanahitaji pia chakula na maji, na ardhi ya kisiwa haiongezeki kwa kuwa watu wameongezeka. Nyumba ikishasimama, udongo ulio chini yake haulimiki tena.

Sababu ya tatu, ambayo husahauliwa mara nyingi, ni maji. Unguja haina mito mikubwa ya kudumu. Tangu zama za Sayyid Barghash maji ya mji yamekuwa yakitoka katika chemchemi za upande wa Mtoni na Bububu, na baadae visima virefu vikaongezwa. Maji hayo ni ya mvua iliyozama ardhini. Yanapozama mahali penye miti na mazao, ardhi huyachuja. Yanapozama mahali palipojaa vyoo vya mashimo bila ya mpango, hubeba uchafu hadi kisimani. Ardhi ya kilimo iliyo pembezoni mwa mji, kwa hiyo, hulisha mji mara mbili: kwa mazao yanayoonekana, na kwa maji yasiyoonekana.

Kwa sababu hizo kazi ya kupanga matumizi ya ardhi haikuanza leo. Mji wa Zanzibar ulifanyiwa mipango mikuu mwaka 1923, mwaka 1958, mwaka 1968 na mwaka 1982. Ule wa mwaka 1968 ulitayarishwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na ule wa mwaka 1982 na wataalamu wa China. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji imekuwepo tangu mwaka 1955. Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa ya nyumba mpya za pembezoni zimejengwa nje ya mipango. Ramani haiwezi kuilinda ardhi ikiwa watu wanaoishi juu yake hawaijui.

SHAMBA LILILO PEMBEZONI MWA MJI

Tuseme mzee mmoja alipewa eka tatu katika miaka ya 1960, mahali ambapo wakati huo palikuwa mbali na mji. Amefariki na kuacha wake, watoto na wajukuu. Mji umefika mlangoni mwa shamba. Anatokea dalali na kusema kuwa shamba likikatwa viwanja, kila mrithi atapata fedha ambazo minazi haitompa kwa miaka ishirini. Sheha anaitwa, karatasi zinaandikwa, fedha zinahesabiwa mbele ya mashahidi. Wanunuzi wanaanza kujenga.

Katika mauziano ya namna hii pana makosa manne, na kila moja lina madhara yake.

Kosa la kwanza ni kuuza kabla ya haki kutambuliwa. Eka tatu zilitolewa kwa masharti, na warithi hawapaswi kudhani kuwa wamerithi kitu cha kuuzwa wapendavyo. Linalotangulia ni mirathi kufanywa kwa mujibu wa sheria, kila mwenye haki akiwemo, wanawake na walio mbali wasisahauliwe. Kisha haki hiyo itambuliwe na isajiliwe. Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Kosa la pili ni kuhaulisha bila ya idhini. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi, Namba 8 ya mwaka 1994, iliweka utaratibu wa kuyachunguza mauziano ya ardhi na ukodishaji wa muda mrefu kabla ya kuthibitishwa. Karatasi iliyoandikwa mtaani inaweza kuonesha kwamba fedha zimepokewa, lakini haiwezi kusimama mahali pa idhini hiyo.

Kosa la tatu ni kubadilisha matumizi bila ya kibali. Hata pale ambapo uhaulishaji umekubaliwa, shamba limehaulishwa likiwa shamba. Kulifanya kiwanja ni jambo jengine, linalohitaji ombi jengine. Wataalamu wa mipango miji na vijiji huangalia kama eneo limo katika mpango wa makaazi, kama barabara itapita, kama maji ya mvua yana njia, na kama hapo si kianzio cha maji wala bonde la mpunga.

Kosa la nne ni kukata miti kabla ya kuuliza. Sheria ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, imeweka utaratibu wa vibali vya ukataji wa miti, na mkarafuu una sheria yake, Namba 2 ya mwaka 2014. Hali kadhalika mchanga hauchimbwi kiholela, kwa kuwa shimo la mchanga huondoa udongo wa juu ambao shamba huuhitaji kwa karne nyingi zijazo.

Mwenye kuumia zaidi katika mambo haya ni mnunuzi mdogo. Kiwanja kinachonunuliwa wakati wa kaskazi huonekana kikavu na kizuri. Masika yanapoingia, mnunuzi hugundua kuwa amejenga ndani ya bonde. Wakaazi wa Mwanakwerekwe na Sebleni wanajua maana ya kuamka usiku na kuyakuta maji ndani ya nyumba. Choo hufurika, kisima cha jirani huingia uchafu, na barabara ya kupitisha gari ya wagonjwa haipo kwa kuwa hakuna aliyeiacha. Aliyejenga bila ya kibali hana pa kushika inapobidi nyumba ivunjwe. Fedha alizolipa zimekwisha gawanywa, na dalali hapatikani.

KULIMA NDANI YA MJI

Kilimo cha mjini si kosa kwa dhati yake. Mboga inayovunwa nyuma ya nyumba huipunguzia familia gharama, na taka za jikoni hupata pa kwenda zikawa samadi. Kinachotakiwa ni kujua mahali na namna.

Katika uwanja wa nyumba yake, mwananchi anaweza kupanda mboga na matunda alimradi asiwadhuru majirani. Mitaro isizibwe kwa matuta, mizizi ya miti mikubwa isikaribie misingi ya nyumba, na vyombo vya kuhifadhia maji ya kumwagilia vifunikwe ili visiwe mazalio ya mbu. Katika eneo la Mji Mkongwe, ambalo liko chini ya sheria yake ya uhifadhi, mwananchi awasiliane kwanza na mamlaka ya uhifadhi kabla ya kubadilisha uwanja au ua.

Katika kiwanja cha mtu mwengine ambacho hakijajengwa, kunyamaza kwa mwenyewe si ruhusa. Mwenye kutaka kulima aombe, na makubaliano yaandikwe: ni sehemu gani, kwa muda gani, na mazao yakiwa bado ardhini mwenye kiwanja akitaka kujenga itakuwaje. Panapandwa mazao ya muda mfupi tu. Jambo hili lina uzito maalumu katika visiwa hivi, ambamo kwa mila mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Mnazi mmoja uliopandwa kwa wema leo unaweza kuwafikisha wajukuu mbele ya Mahakama ya Ardhi. Na mwenye kiwanja naye akumbuke kuwa kukiacha kichaka miaka nenda miaka rudi ni kinyume na masharti aliyopewa.

Katika maeneo ya wazi, kama vile viwanja vya skuli na vya michezo, kando ya barabara na baina ya majumba ya maendeleo, ardhi ni ya watu wote na haiwi konde ya mtu mmoja kwa kuwa ametangulia kuilima. Mahindi yaliyorefuka kwenye pembe ya barabara humziba dereva asimuone mtoto anayevuka. Panapokuwa na kikundi cha wakaazi au wanafunzi wanaotaka kulima eneo kama hilo, waombe kwa baraza la manispaa au kwa taasisi yenye dhamana ya eneo hilo, na wapewe jawabu kwa maandishi.

Katika mabonde na njia za maji, kilimo ni bora kuliko ujenzi, kwa sababu mpunga na majimbi huyapokea maji ambayo nyumba haiwezi kuyapokea. Mabonde ya mpunga kama Bumbwisudi na Mwera yanastahiki kulindwa kwa sababu hiyo, mbali na chakula yanachotoa. Hata hivyo mboga zinazoliwa mbichi zisimwagiliwe maji ya mitaro inayopokea uchafu wa vyoo. Zanzibar imeujua ugonjwa wa kipindupindu tangu mwaka 1978, na njia yake moja ni mboga iliyooshwa kwa maji machafu.

Karibu na vianzio vya maji tahadhari ni kubwa zaidi. Maeneo yaliyotengwa kwa hifadhi ya maji hayajengwi, na dawa za kuulia wadudu na mbolea za chumvichumvi zinazomwagwa hapo huzama na kufika kwenye mifereji ya watu. Mkulima aliyekuwa hapo kabla ya eneo kutengwa aonane na Mamlaka ya Maji pamoja na bwana shamba, ili aelekezwe kilicho salama kwake na kwa wanaokunywa maji hayo.

Kuhusu mifugo, kanuni ya msingi ni kwamba mnyama wa mjini hufugwa bandani. Ng'ombe anayezurura hula mazao ya jirani, husababisha ajali na huchafua njia, na mwenyewe huwajibika kwa hasara hiyo. Mabaraza yana uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo juu ya mambo haya, na masharti yanaweza kutofautiana baina ya baraza na baraza. Kwa hiyo mwenye kukusudia kujenga banda aulize kwanza barazani kwake. Banda liwe mbali na dirisha la jirani, samadi iondoshwe mara kwa mara, na shimo lake liwe mbali na kisima.

NJIA YA KUFUATA

Mwananchi anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi, au mwenye mgogoro, aanzie kwa sheha wa shehia yake, ambaye pamoja na wajumbe wa baraza lake la ushauri wanaijua historia ya ardhi na watu wake. Kutoka hapo suala la kilimo na mifugo mjini hupelekwa kwa baraza la manispaa au la mji, suala la haki na uhaulishaji hupelekwa Kamisheni ya Ardhi, na suala la kubadilisha shamba kuwa makaazi hupelekwa kwa wataalamu wa mipango miji na vijiji wa Wizara inayohusika na ardhi. Mirathi ina Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mgogoro usiosuluhishika huishia Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1994.

Kwa watumishi wa Serikali ukumbusho ni mfupi. Muhuri wa sheha ni ushahidi wa ujuzi wake, si hati ya haki wala kibali cha ujenzi, na asiuweke juu ya karatasi inayodai kuwa hivyo. Afisa anayejua kuwa eneo ni bonde au kianzio cha maji na akanyamaza wakati msingi unachimbwa, hakumfanyia hisani mjenzi huyo. Amemuachia hasara itakayomfika baadae, wakati tayari ametumia akiba yake yote. Aidha, ombi la mwananchi lijibiwe kwa wakati. Mwenye kuomba kibali akizungushwa mwaka mzima, atamuona jirani yake aliyejenga bila ya kuomba kuwa ndiye mwenye busara, na hapo sheria huwa imevunjwa na wale wale waliokabidhiwa kuitunza.

Ardhi ya visiwa hivi ilitolewa kwa wananchi iwalishe wao na watakaokuja baada yao. Wananchi wanaombwa, kabla ya kuuza, kununua, kujenga au kupanda mti katika ardhi isiyokuwa na maandishi, wafike katika ofisi zinazohusika na kuuliza. Kuuliza hakuna gharama kubwa. Kuvunja nyumba, kuhama bonde lililofurika na kukitafuta kisima chengine baada ya cha zamani kuharibika, gharama yake haibebeki.